Tusilisubiri Ziwa Victoria Tukiwa Tumekaa

Barabara ya kutoka Tabora inagawanyika kwetu Ipole, wilayani Sikonge: mkono mmoja unakwenda Mpanda, mwingine Rungwa. Penye njiapanda pana biashara, na penye biashara watu huongezeka. Nyumba za bati zinaota, vibanda vinageuka maduka, na kila kiangazi swali la maji linazidi kuwa gumu. Jibu ninalolisikia ni lile lile linalotolewa mkoa mzima: tusubiri maji ya Ziwa Victoria. Bomba likifika, shida imekwisha.

Haitakwisha. Tena imani hiyo, kwamba mji unaokua hauna dawa nyingine isipokuwa ziwa la mbali, inatufanya tuharibu maji tuliyo nayo huku tukingoja tusiyo nayo.

Silipingi bomba. Mkopo wa India, karibu dola milioni 268, uliyafikisha maji ya ziwa Nzega, Igunga na Tabora, na mwaka 2021 Rais Magufuli akauzindua mradi huo. Ulistahili. Mradi wa Miji 28, uliosainiwa 2022, unayaleta maji hayo hadi Sikonge, Urambo na Kaliua. Sensa ya 2012 iliikuta Manispaa ya Tabora na watu karibu 227,000. Ya 2022 ikahesabu zaidi ya 300,000. Umati huo hauwezi kuteka kwa ndoo na kamba, na mama anayeamka usiku wa manane kuwahi foleni kisimani hana haja ya kuhubiriwa subira.

Lakini tazama maji hayo yanasafirije. Uso wa ziwa uko takriban mita 1,134 juu ya bahari. Tabora iko karibu mita 1,200. Kwa hiyo hayaji kwa mteremko. Yanavutwa Ihelele, wilayani Misungwi, yanasafishwa, yanasukumwa kwa umeme, kisha yanapita Solwa na Nzega safari ya mamia ya kilomita. Umeme ukikatika au bomba likipasuka, wa mwisho kwenye mstari ndiye anayekaukiwa kwanza. Na mwisho wa mstari huo, mbele ya Tabora na mbele ya Sikonge, ndipo tulipo sisi.

Wanaodai ziwa halipungui wamesahau 2006, liliposhuka kuliko lilivyowahi kushuka kwa miongo mingi, ukame ukisaidiana na maji mengi mno yaliyofunguliwa kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja, Uganda. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hutokana na mvua inayolinyeshea lenyewe. Tukilikimbilia kwa kuogopa ukame, bado tunategemea mvua, ila sasa mvua ya mbali, kwenye ziwa la nchi tatu.

Dar es Salaam ilionja jambo hili mwishoni mwa 2022. Jiji liliutegemea Mto Ruvu kwa karibu kila kitu; mvua zikachelewa, mto ukapungua, mgao ukaingia mitaani. Kilichopunguza makali mwezi Novemba ni visima virefu vya Kigamboni, vilivyo karibu na wanywaji wenyewe.

Huku kwetu elimu ya kuhesabu maji ya karibu si ngeni. Misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji ilipanga vituo kwa kufuata maji. Mwaka 1871, vita vya mtemi Mirambo vilipofunga njia kuu, msafara wa mpelelezi Stanley ulizungukia kusini kupitia Ugunda, na huko pia kambi ilipigwa palipo na mto au dimbwi. Baadaye Tabora ilinyweshwa kwa miongo mingi na mabwawa ya Igombe na Kazima. Mabwawa hayo yasigeuzwe kumbukumbu kwa sababu bomba limefika. Yaondolewe tope, kingo zake zisilimwe.

Halafu kuna mvua. Tabora hupata milimita 900 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili. Paa la bati la mita za mraba 100 hupokea lita 90,000. Poteza robo nzima, zinabaki zaidi ya 67,000. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, inahitaji lita 21,600 kuvuka miezi sita ya kiangazi. Bati tunalo tayari. Tunakosa gata na tangi. Tangi kubwa ni ghali kwa mkulima wa tumbaku. Basi akopeshwe kupitia chama chake cha msingi, kama anavyokopeshwa mbolea. Na shule au zahanati isikabidhiwe bila tangi chini ya paa lake.

Najua hoja ya wahandisi: chini yetu kuna mwamba mgumu wa graniti, visima vingi hutoa kidogo, na jua la Tabora hulinyonya bwawa lililo wazi. Ni kweli. Ndiyo maana kisima kinapimwa kabla ya kuchimbwa, hakichimbwi kwa ahadi ya kampeni, na lambo linachimbwa kwenda chini badala ya kutandazwa. Unyonge wa chanzo kimoja unatutaka tuwe navyo vitatu.

Msitu ndio unaoniuma zaidi. Vijiji vyetu vina jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori yenye zaidi ya kilomita za mraba 2,000 za miombo. Tunauhesabu msitu huo kwa asali, kwa uwindaji wa kitalii na, kwa masikitiko, kwa kuni za mabani ya tumbaku na magunia ya mkaa. Ni nadra mtu kuuhesabu kwa maji. Ardhi yenye miti huinywa mvua na kuiachia mbugani polepole. Ikifyekwa, mvua ile ile hupita juu juu na kuondoka na udongo kuelekea Mto Ugalla. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Halmashauri ya Sikonge izipime mita hizo Ipole na kuziwekea alama kiangazi hiki, kitongoji kwa kitongoji, kabla viwanja vya njiapanda havijauzwa hadi ukingoni mwa mbuga.