Neno Moja Kizimbani

Siku moja niliketi katika mahakama ya hakimu ya mji mmoja mdogo. Mzee alisomewa shtaka la kumjeruhi jirani yake, akajibu kwa lugha ya mama: "Ni kweli nilimpiga, lakini yeye ndiye aliyenivamia kwanza kwa panga." Mkalimani akamwambia hakimu: "Amesema ni kweli." Nilishtuka. Neno "lakini" lililoachwa ndilo lililobeba utetezi wote. Bahati njema, wakili mmoja aliyeijua lugha ile aliinuka akasahihisha.

Je, wakili huyo asingekuwapo?

Hebu tuitazame njia ya kesi ya jinai nchini Kenya. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 chaagiza kwamba aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, au siku ya kazi inayofuata iwapo mahakama imefungwa. Huko husomewa mashtaka. Akikanusha, upande wa mashtaka huwaleta mashahidi, naye huwahoji. Hakimu akiona kwamba ana kesi ya kujibu, mshtakiwa hujitetea au hunyamaza, kisha hukumu hutolewa. Asiporidhika, ana siku 14 za kukata rufaa.

Akikiri, safari hiyo yote hukatizwa. Husomewa maelezo ya kisa, na akiyakubali, hutiwa hatiani. Isitoshe, kifungu cha 348 cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai humzuia aliyekiri mbele ya hakimu kukata rufaa, ila kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu. Ndiyo sababu mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisisitiza kwamba mashtaka yasomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, na kwamba akiyapinga maelezo ya kisa, iandikwe kuwa amekanusha.

Kifungu cha 50 cha Katiba nacho humpa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Hata hivyo, haki hiyo ina thamani sawa na ujuzi wa mkalimani mwenyewe. Kuzijua lugha mbili si kuujua ukalimani, kama vile kumiliki jembe si kuujua ukulima.

Kwa hivyo, sisi wa vyuo vikuu tuna wajibu wa kuwafunza wakalimani wa mahakama kwa lugha zetu za kienyeji. Nanyi walimu wenzangu wa Kiswahili, mnapofundisha viunganishi, msiishie kwenye sarufi ya mtihani. Waelezeni wanafunzi tofauti ya kukiri, kukanusha na kujitetea. Huenda siku moja mmoja wao akasimama kizimbani, au kando ya kizimba akimtafsiria mzee wake, na uhuru wa mtu ukategemea neno "lakini".