Biashara Bila Balozi

Mtahiniwa akiulizwa athari za nchi mbili kukosa uhusiano wa kidiplomasia, mara nyingi huandika upesi: biashara husimama na raia hawawezi kutembeleana. Jibu hilo lina kasoro. Taiwan ina uhusiano rasmi na mataifa takriban 12 pekee, na barani Afrika ni Eswatini tu, lakini bidhaa zake zimeenea duniani kote. Huenda hata chipu iliyo ndani ya simu yenu nyumbani ilitengenezwa huko.

Siri yenyewe imo katika majina. Tarehe 1 Januari 1979, Marekani iliitambua Beijing kuwa serikali halali ya China na kukatisha uhusiano rasmi na Taipei. Aprili mwaka huo Rais Jimmy Carter akatia saini sheria ya uhusiano na Taiwan, na badala ya ubalozi pakawa na taasisi iliyosajiliwa kama shirika la kibinafsi lisilotafuta faida. Maofisa wa mwanzo waliopelekwa huko iliwabidi kwanza waache utumishi wa serikali kwa muda. Utasema ni mchezo wa kuigiza. Naam, lakini anayetaka viza ya Marekani huenda kuhojiwa papo hapo. Japani ilikuwa imetangulia: ilivunja uhusiano mwaka 1972, na kabla mwaka haujaisha ofisi mbadala ilikuwa imeundwa. Afrika Kusini nayo iligeukia Beijing mwaka 1998, ofisi ya uwakilishi ya Taipei ikabaki.

Kisha tazama hili. Tangu mwaka 2012 Wataiwan huingia Marekani kwa ziara za hadi siku 90 bila kuomba viza. Sisi Wakenya, wenye ubalozi kamili jijini Washington, bado tunapanga foleni.

Kwa maoni yangu, mpango huu unamfaa mfanyabiashara na mtalii. Aliyekamatwa ndiye unayemwacha mkono. Aprili 2016 Kenya iliwasafirisha hadi China bara Wataiwan 45 waliohusishwa na ulaghai wa simu, na baadhi yao mahakama ya Nairobi ilikuwa imewaachilia huru. Beijing ilisema waliotapeliwa ni watu wa China bara, hivyo kesi ni yake. Taipei ikaita kitendo hicho utekaji nyara. Taiwan haikuwa na ofisi ya uwakilishi Nairobi, ikabidi afisa wake asafiri kutoka Afrika Kusini.

Wapo watakaosema kwamba Kenya, kwa kuwa inatambua China moja, haikuwa na njia nyingine. Sikubaliani nao. Sidai kwamba tulipaswa kuitambua Taiwan, wala kwamba washukiwa wote walikuwa watu wema. Lakini mtu aliyeachiliwa na mahakama yetu ana haki ya kusikilizwa kabla ya kufukuzwa nchini, awe na balozi au asiwe naye. Mahali ambapo ofisi za biashara zipo, makubaliano yao yangeweza kuongezewa kifungu kimoja: mtu akikamatwa, ofisi ya kwao ijulishwe kabla hajapandishwa ndege. Kenya ingeweza kukubali utaratibu kama huo, hata kupitia ofisi iliyoko Afrika Kusini, bila kubadili msimamo wake kuhusu Beijing.