WAOKOAJI NAO WALINDWE

Juma hili hatusemi habari za kadi wala za kura. Twasema habari za wale wanaokimbilia ajali wakati wengi wetu tumesimama kando tukitazama.

Januari 2025, huko Segera, Mkoa wa Tanga, gari lilipata ajali na wananchi wema wakatoka kwenda kuokoa. Lori likaja likawapitia palepale barabarani. Watu 11 wakafa. Na sisi wa Arusha tusidhani ya Tanga yataishia Tanga: Februari 2024, pale Ngaramtoni, lori lilizoa magari na kuua watu 25, na barabara hiyo hiyo ya Namanga ndiyo wanayopita wauguzi wetu usiku.

Tazama basi kazi yenyewe. Muuguzi husimama nyuma ya gari la wagonjwa bila mkanda, mkono mmoja umeshika chupa ya maji ya dawa, gari linakwenda mbio. Sindano ikimchoma, dawa za kuzuia UKIMWI sharti azianze kabla ya saa 72 kupita, na kila saa ina thamani. Chanjo ya homa ya ini ipo, sindano tatu tu. Huko Ng'iresi na Ilkiding'a, mvua ikinyesha, mgonjwa hubebwa kwa machela kwenye utelezi, na mgongo unaoumia hapo hauponi upesi. Mwaka 2023, ugonjwa wa Marburg ulipozuka Kagera, mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Sheria ipo tangu 2003: mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kinga bila kumtoza senti. Ya fidia ikafuata 2008. Fidia ni haki, lakini twaona ajabu mtu kuitwa shujaa jukwaani huku glavu anajinunulia mwenyewe!

Kwa hiyo katika mikutano ya kata, msimwache diwani aondoke kabla ya kujibu: wauguzi na madereva wetu wamechanjwa? Mikanda ya nyuma inafanya kazi? Dereva hulala saa ngapi kati ya zamu na zamu?

Na sisi wa chama tusingoje serikali kwa kila jambo. Kila tawi lichange, liweke vizibao vinavyong'aa, glavu na pembetatu mbili kwenye kijiwe cha bodaboda kilicho karibu na barabara kuu, maana vijana hao ndio hufika kwanza. Wafundishwe jambo moja kabla ya yote: mmoja arudi nyuma asimamishe magari, ndipo wenzake wamguse majeruhi. Tawi litakaloanza lituletee habari, tutaitangaza humu.