Ziwa la Naivasha na Tabia Zake

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru hufika, baada ya kilometa 90 hivi, penye ziwa pana lililolala katika Bonde la Ufa, na mlima Longonot umesimama kando yake. Hilo ndilo ziwa la Naivasha. Liko zaidi ya meta 1,880 juu ya usawa wa bahari, nalo lapita maziwa yote ya bonde hilo katika Kenya kwa kuwa juu.

Mito ya Malewa na Gilgil huingia ziwani, lakini hapana mto hata mmoja utokao. Maziwa mengine ya namna hiyo, kama Nakuru na Elmenteita, yana magadi. Bali maji ya Naivasha ni matamu. Sababu yake ni kwamba maji hupenya chini ya ardhi, yakachukua chumvi pamoja nayo.

Kati ya mwaka 1937 na 1950 ndege zenye kutua majini, zilizofanya safari baina ya Uingereza na Afrika Kusini, zilishuka hapo. Siku hizi watu huenda kupumzika. Wengine huvua samaki. Wengine hupanda mashua kuwatazama furukombe, minandi na wari, au huenda Crescent Island kutembea kwa miguu kati ya twiga na punda milia. Mahali hapo ni ukingo wa volkano ya kale, nao una umbo la mwezi mchanga.

Lakini mgeni asidanganywe na utulivu wa asubuhi. Jina la ziwa latokana na neno la Kimasai lenye maana ya maji yachafukayo, na Wamasai hawakukosea. Alasiri upepo huvuma ghafula, mawimbi yakainuka, na mashua zimewahi kupinduka watu wakafa maji. Basi yafaa kusafiri mapema, kuvaa jaketi la kuokolea, na kukataa mashua iliyojaa kupita kiasi. Viboko nao hushinda majini mchana, na usiku hutoka kula majani. Asimame mtu kati ya kiboko na maji, amejitafutia mauti.

Tena ziwa hili halina mpaka wa kudumu. Katika miaka ya 1940 lilipungua sana. Mwaka 2020 lilipanda hata likaingia katika nyumba za mtaa wa Kihoto, watu wakahama, na mwaka 2025 likapanda tena. Mkulima aonaye udongo mweusi ulioachwa na maji hutamani kufyeka mafunjo apande mboga. Na akumbuke kwamba mafunjo hayo ndiyo yazuiayo tope lisiingie ziwani, na kwamba udongo huo ziwa litakuja kuudai. Wahenga walisema: Tahadhari kabla ya athari.