Jasho la nani?

Wadau, kuna usemi unanikera: "Mali yangu, jasho langu." Husemwa na watu wanaoshinda kwenye kiyoyozi. Kama jasho ndilo kipimo, wabeba mizigo wa Kariakoo wangekuwa mabilionea.

Mimi si mwanafalsafa, nasomasoma tu. Mwaka 1971 John Rawls wa Marekani alitupa mtihani: panga kanuni za kugawana mali bila kujua wewe utakuwa nani, mtoto wa waziri au wa mama ntilie. Utapanga hivi tulivyo? Thubutu!

Wanaompinga humkimbilia Robert Nozick. Mwaka 1974 alitoa mfano wa Wilt Chamberlain, mcheza kikapu: watu milioni moja wakimpa kwa hiari senti 25 kila mmoja, nani ana haki ya kumpokonya zile dola 250,000? Hoja nzito. Ila wajuaji wetu huishia hapo. Nozick huyohuyo alisema mali iwe imepatikana kwa haki tangu mwanzo, na dhuluma ya jana irekebishwe.

Haya, turudi nyumbani. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kumiliki hisa au nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti hayo yakalegezwa. Na nani? Na walewale waliokuwa wakibanwa nayo! Kila mmoja alijua amekaa upande gani wa meza.

Sisemi kila tajiri ni mwizi. Nasema kabla ya kunionyesha jasho, nionyeshe risiti. Au nakosea?