AKIBA HAIOZI, LAKINI MLINZI WA GHALA NI NANI?

Ndugu wafanya kazi wenzangu,

Naomba nafasi ndogo katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo linalosifiwa sana siku hizi, yaani kuweka akiba ya nguvu za umeme ndani ya chumvi.

Msicheke. Sisemi chumvi ya mabwawa ya Gongoni tunayotia katika mboga. Katika nchi nyingine iko miamba minene ya chumvi chini ya ardhi, iliyoachwa na bahari za kale. Watu hutoboa kisima mpaka kwenye mwamba, hupeleka maji, chumvi huyeyuka, kisha maji yale huvutwa juu. Kinachobaki ni pango kubwa ambalo kuta zake hazipitishi hewa.

Faida yake ni hii. Jua huzama na upepo hutulia, lakini watu wataka taa saa zote. Basi umeme unaozidi hutumiwa kushindilia hewa pangoni, au kutenga gesi ya hidrojeni katika maji na kuiweka humo. Umeme ukipungua, akiba hufunguliwa ili izungushe mitambo. Huko Huntorf, Ujerumani, kazi ya kuweka hewa ilianza 1978, ingawa mtambo ule huchoma gesi pia. Huko Teesside, Uingereza, hidrojeni ya viwanda ilianza kuwekwa ndani ya chumvi katika miaka ya 1970. Na karibu na Delta, katika Utah, Marekani, kando ya kituo cha umeme kilichojengwa kwa makaa ya mawe, yamechimbwa mapango mawili ya hidrojeni, yaliyokusudiwa kuweka akiba ya megawati-saa 300,000.

Mimi naliunga mkono jambo hili. Moshi umetudhuru vya kutosha. Lakini nataka tukumbuke mji wa Hutchinson, katika Kansas, Marekani. Mwezi wa Januari 2001 gesi ya kupikia na kuwasha mitambo, iliyowekwa katika mapango ya chumvi, ilitoroka. Ilisafiri chini ya ardhi kama kilometa 11, ikatokea mjini kwa njia ya visima vya zamani vilivyosahauliwa, ikalipuka. Watu wawili walikufa.

Je, chumvi ndiyo iliyopasuka? La! Bomba la kisima ndilo lililokuwa na tundu. Chumvi ilifanya kazi yake. Kilichokosekana ni jicho na mkono wa mtu.

Sisi wa reli twalijua jambo hili. Reli ni chuma, haina kosa. Lakini taruma likioza bila kuonekana, au boliti ikilegea bila kukazwa, gari lote huanguka. Na gengi likipunguzwa watu, njia haifupiki. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo wakubwa wanapotuambia kwamba nguvu mpya zitaendeshwa na mitambo mitupu, watu wachache tu, tusipige makofi upesi. Hapa kwetu tunao mvuke wa Olkaria na upepo wa Turkana, na mengine yatakuja. Nashauri viongozi wa vyama vyetu waulize maswali matatu kabla ya mkataba kutiwa sahihi, si baada ya watu kuachishwa kazi. Nani atakagua mabomba, na mara ngapi? Mfanya kazi akiona hatari, anaweza kusimamisha kazi bila kufukuzwa? Na wale waliochoma makaa na mafuta watafundishwa kazi mpya na nani, kwa mshahara gani?

Wasipojibu haya, ghala lao halijakamilika, hata likiwa la chumvi.

Mimi ndugu yenu katika chama,
FUNDI WA NJIA YA RELI