India yashusha bei ya tiba ya seli, Afrika Mashariki bado njia panda

Kwa miaka mingi wagonjwa wa saratani kutoka Tanzania, Kenya na Uganda wamekuwa wakivuka Bahari ya Hindi kutafuta matibabu India. Oktoba 2023 nchi hiyo iliidhinisha NexCAR19, tiba yake ya kwanza ya CAR-T iliyobuniwa nyumbani.

Katika tiba hii, seli kinga ziitwazo seli T huchujwa kutoka kwenye damu ya mgonjwa, kisha huingiziwa maabara jeni inayozifanya ziote kipokezi kipya. Kipokezi hicho hutambua CD19, protini iliyo juu ya seli B, zikiwemo zilizogeuka kuwa saratani. Seli hizo huzalishwa kwa mamilioni na kurudishwa mwilini kuushambulia ugonjwa uliokuwa ukizikwepa.

Kilichobadilika ni bei. Marekani ilipoidhinisha Kymriah, tiba yake ya kwanza ya aina hiyo, Agosti 2017, gharama ilikuwa dola 475,000. NexCAR19, tunda la ushirikiano wa chuo cha IIT Bombay, Hospitali ya Tata Memorial na kampuni ya ImmunoACT, iliingia sokoni kwa takriban dola 50,000. Sababu kubwa ni kwamba hata virusi vinavyobeba jeni, ambavyo ni ghali mno kuagizwa ng'ambo, hutengenezwa humo humo nchini.

Hata hivyo, nafuu hiyo ina mipaka. Tiba imeidhinishwa kwa baadhi ya saratani za damu na za tezi za limfu zilizorejea au kushindikana kwa dawa nyingine. Inaweza kuleta homa kali na kushuka kwa shinikizo la damu, hivyo huhitaji hospitali yenye uangalizi wa karibu. Aidha, dola 50,000 ni fedha ambazo familia nyingi za ukanda huu haziwezi kuzipata hata zikiuza shamba na nyumba.

Isitoshe, saratani ya shingo ya kizazi na ya koo, zinazoua wengi Afrika Mashariki, ni uvimbe mgumu, na huko CAR-T haijapata mafanikio kama ya saratani za damu. Kwa serikali zenye bajeti finyu, chanjo ya HPV na uchunguzi wa mapema bado vitaokoa maisha mengi zaidi kwa kila shilingi. Lakini India imeonyesha kwamba bei si amri ya Mungu: hushuka pale nchi inapowekeza katika maabara na wataalamu wake yenyewe.